Siku Tuliposhirikishwa Utalii Nkome

Nilifunga safari kwenda Nkome kwa sababu nilialikwa kushirikishwa, na mtu wa Segese haalikwi mambo hayo kila siku. Mimi ni fundi cherehani. Natia viraka ovaroli za wachimbaji wadogo, na ushirikishwaji wangu katika dhahabu huishia kwenye matope yanayobaki ndani ya mifuko yao. Basi wifi yangu, Mama Kabula, aliponipigia simu kwamba wananchi wa mwaloni kwao, wavuvi wanakoshushia samaki, watapelekwa bure hifadhini, kile kisiwa kinachotazamana nao, eti sasa utalii ni wa jamii, nilijishonea gauni jipya la kitenge na kufunga duka.

Asubuhi nilichukua bodaboda kuelekea Bulyanhulu, nikapate gari la Geita. Dereva alilitazama gauni.

"Mama Neema, unakwenda harusini?"

"Nakwenda kutalii."

"Kutalii? Kwani wewe Mzungu?" Alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Nilifika Nkome jioni, mgongo ukiuma. Mama Kabula alinipokea kwa "Mwadila, wifi!" na sahani ya dagaa wabichi wa kukaanga. Yeye na wenzake huwaanika dagaa juu ya vichanja pale pale ufukweni, na vichanja hivyo ndivyo vilivyosomesha watoto wake wote. Usiku ule alikuwa na furaha. Alizaliwa akikiona kile kisiwa, lakini hakuwahi kukikanyaga. Mumewe Masanja, ambaye ni kaka yangu, ni mvuvi, na anajua kwamba mtumbwi wa mvuvi ukivuka mpaka wa hifadhi, mwenyewe hulala rumande.

Kesho yake tulikusanywa chini ya turubai. Mtaalamu wa utalii kutoka mjini, kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe, alisimama akatuambia habari njema.

"Wananchi ndio wenye utalii huu," alisema. "Kwa hiyo tumeamua, kwa niaba yenu, vichanja vya dagaa viondoke mwaloni. Harufu inawakera wageni. Kuna swali?"

Mama Kabula alinyoosha mkono. Mtaalamu akatazama saa yake, akasikitika kwamba muda si rafiki. Tulipiga makofi. Tungefanyaje, na soda zao tulikwisha kunywa?

Tulipofika kwenye boti, tulikuta imejaa waheshimiwa, wapiga picha na maboksi ya chakula. Wananchi, tukaambiwa, tutakwenda awamu ya pili.

"Lini?" aliuliza Mama Kabula.

"Mtatangaziwa."

Hata hivyo hatukuachwa bila jukumu. Tuliombwa tupunge mikono kwa ajili ya picha, tukapunga kwa moyo wote. Wifi yangu alipunga huku akiuma mdomo asilie.

Boti ilikwenda, ikawa ndogo, kisha ikatoa moshi mweusi ikanyamaza. Upepo ukaanza kuisukuma kando. Masanja alishusha mtumbwi wake wa injini. Mama Kabula akaingia, nami nikajitupa ndani na gauni langu. Wale wageni walikuwa wamevaa maboya. Sisi tulikuwa na Mungu.

Tulipowakaribia, mtaalamu alikuwa amekumbatia nguzo, viatu vyeupe vimelowa.

"Mama, tupeni kamba! Mturudishe!"

"Shikamoo haipo siku hizi?" aliuliza Mama Kabula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kurudi ni mbali, kisiwa kiko karibu. Ila mtumbwi huu ukivuka mpaka tunakamatwa. Sema mbele ya huyo askari wenu kwamba leo umetualika."

Mtaalamu alimtazama askari wa hifadhi. Askari, naye akitapika, aliitikia kwa kichwa.

"Mmealikwa!"

"Wabeja, asante. Sasa lile swali langu. Vichanja tuvipeleke wapi, na watoto wale nini?"

Hapo muda ukawa rafiki. Njia nzima, kamba ikiwa imekaza kati yetu, alimsikiliza. Wifi alimweleza kwamba ufukwe mwingine wote ni matope, na kwamba boti ya wageni ingeweza kutia nanga upande usiopata harufu, ambao kila mvuvi anaujua. Mtaalamu aliitika kila neno, hasa mawimbi yalipopanda.

Kisiwani tulishuka sote. Nje ya msitu alisimama twiga, akatuangalia kama karani anayetaka kwenda kula. Nilicheka, kisha nikaona Mama Kabula analia.

"Kumbe miaka yote hii," alisema, "tulikuwa majirani na hawa."

Kabla ya chakula, mtaalamu alisimama mbele ya kamera, akatangaza kwamba baada ya kutafakari kwa kina amebuni mpango mpya: vichanja vibaki, wageni washukie upande usio na harufu. Tulimpigia makofi kwa nguvu zaidi kuliko asubuhi. Maskini, alikuwa ameshirikishwa vizuri.

Nimerudi Segese. Juzi Mama Kabula alinipigia: boti ya wageni inatia nanga alikosema, na dagaa bado wanakauka palepale. Wateja wangu wananiuliza huo ushirikishwaji ni kitu gani hasa. Nawaambia sikujifunza mkutanini. Nilijifunza ziwani, kwamba mkubwa hukusikia vizuri sana injini yake ikizima, na kamba ikiwa yako.