Moulinet Nyekundu na Kiflama Changu

Sawa, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sisimami: mimi ndiye yule kijana wa Evere, huku ughaibuni, aliyemfanya baba yake afungwe na uzi kama kuku wa sokoni mbele ya kwaya nzima (watu ishirini na sufuria tatu za sombe, yaani kisamvu), na yote hayo yalianza na neno moja la salamu.

Bon. Papa amekulia Kalemie, ziwani, na kila Noeli anasimulia yule samaki aliyemvuta mpaka pirogue, ule mtumbwi wake, ikapinduka, na kila Noeli samaki yule anaongezeka kilo. Tonton Félix, rafiki yake wa kwaya, mtu wa Lubumbashi, haamini hata mkia. "Papa Trésor," anamwambia (Trésor ndiye mimi, karibuni), "samaki unayojua weye ni ile ya boîte, ya mukebe." Kila Noeli Papa anacheka, lakini sisi wa nyumbani tunajua inamuuma. Ndipo kwaya ikapanga pikiniki kwenye bwawa moja nje ya mji wanakovua black-bass, samaki mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa (maman anasema ni ndugu yangu), na Papa akatangaza kwamba siku hiyo atavua mbele ya wote, hadithi basi.

Fimbo alikuwa nayo. Kilichokosekana ni moulinet, kale kamashine kenye pipa dogo la uzi kanakofungwa juu ya fimbo, na Papa alitaka moja tu, ya kazi zote, itakayorusha chambo chepesi na kizito. Shida ni kwamba Kalemie alivua kwa uzi mkononi, mambo ya mashine hayajui. Lakini alikuwa na mimi. Na mimi nilikuwa nimemwambia kwa mihula miwili mizima kwamba Kiflama, lugha ya nusu ya nchi hii, shuleni nakinywa kama maji (ukweli: quatre sur vingt, nne kwa ishirini, na nadhani mbili nilipewa kwa kuandika jina vizuri).

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa upande wa Waflama, si mbali na kwetu. Muuzaji, mzee wa masharubu ya kijivu, alitutazama akingoja tuchague lugha. Ningesema bonjour ya Kifaransa, tungerudi nyumbani salama na mkasa huu usingekuwapo. Lakini Papa alikuwa ananiangalia, kwa hiyo nikasema "Goeiemiddag", salamu yao ya mchana, safi kabisa, na mzee akafurahi kama amekutana na mjukuu wake, Kiflama kikamtoka dakika kumi bila kupumua, mkono mmoja umeshika moulinet nyeusi, mwingine nyekundu. Kwa nyeusi alitikisa kichwa kusema ndiyo. Kwa nyekundu alinionyesha kidole gumba, akakibonyeza juu ya pipa, akakunja uso.

"Anasema nini?" Papa akauliza.

Kidole gumba, kwangu mimi, ni bravo. Halafu nyekundu ilikuwa inang'aa. "Anasema nyekundu ni ya mabingwa, inafanya kazi yote."

"Na ile kifungo ya pembeni ni ya nini?"

"Ya kupamba tu, Papa."

Akanishika kichwa, mbele ya mzee wa watu, akasema, "Mutoto yangu. Bila weye ningefanya nini." Ningepigwa ngumi ya tumbo ingekuwa afadhali.

Jumamosi, bwawani, Papa alisimama ukingoni na ile nyekundu juu ya fimbo, kwaya nyuma yake, Tonton Félix mbele kabisa na sahani yake na tai shingoni. Papa akarusha kwa nguvu zote za ziwa Tanganyika. Chambo kikaenda mita mbili, lakini pipa likaendelea kuzunguka peke yake kama limepagawa, uzi ukafura, ukatoka, ukawa kiota cha ndege, na Papa alipogeuka ili aning'oe macho au autoe uzi (sikuuliza) ukamshika saa, mkono wa shati, miwani, fimbo ikayumba, na ndoano ikaja kunasa suruali ya Tonton Félix, pale pa kukalia.

Tonton hakuweka chini sahani. "Muandike," akasema, "kilo quatre-vingt-dix, tisini. Na iko na tai."

Watu walicheka mpaka sombe ikamwagika. Papa hakucheka. Nilimwona amesimama na uzi usoni, ameishika fimbo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wengine.

Halafu, kwa sababu Mungu ananijua jina, nani anatoka ng'ambo ya bwawa na fimbo yake? Mzee wa masharubu. Akaniambia maneno marefu ya Kiflama, kidole gumba juu, na mimi nikatikisa kichwa ndiyo, ndiyo (bado!). Papa akamuuliza kwa Kifaransa kama anasema Kifaransa. Alisema Kifaransa kuliko mwalimu wangu wa Kifaransa. Alitumia Kiflama, akaeleza, kwa sababu mtoto ndiye aliyeanza, ikamfurahisha. Na kule dukani alirudia mara tatu: nyeusi ndiyo ya kazi zote, nyekundu ni ya mbio, ya waliozoea, kidole gumba lazima kizuie pipa, na kile kifungo cha pembeni ndicho breki.

"Ya kupamba," Papa akasema polepole, akinitazama.

Hakunigombeza. Alinipa kiota nikifungue, fundo kwa fundo, nimekaa juu ya kreti ya Fanta, huku mzee akimwazima fimbo yake yenye moulinet nyeusi na kumwekea kidole mahali pake. Wakati nafungua fundo la mia, maji yakapasuka. Black-bass, urefu wa kiatu changu. Tonton Félix akaja ameshika suruali nyuma, akamtazama samaki, akamtazama Papa. "Bon," akasema. "Kalemie iko." Papa alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa peke yangu kuomba nyekundu ibadilishwe kwa nyeusi, kwa Kiflama, na mzee hakunisaidia hata neno. Tangu hapo nisipoelewa nasema sielewi, hata kwenye hesabu, ambako nasema kila siku.

Lakini adhabu yenyewe nilikuwa nimeshaipata garini, tukirudi kutoka bwawani, samaki miguuni pangu. Papa alinitazama kwenye kioo, akakohoa, akatamka taratibu maneno matatu aliyofundishwa na mzee: "Mijn zoon liegt." Mtoto wangu anadanganya. Ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiflama niliyoielewa nzima, bila kubuni hata kidogo.