Ningu Kumi na Wawili wa Nyamache

Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya sitini, Msimamizi wa Mradi wa kurudisha samaki mitoni alinikabidhi sahani nyeupe, mgono na onyo. "Mkulima atakudanganya. Usimwamini hata akishika Biblia." Nami, kijana wa Kiadventista niliyetoka shule juzi, nililimeza onyo hilo zima zima.

Kazi ilikuwa kutathmini kijito kimoja karibu na Nyamache. Ningu ni samaki wa ziwani. Wakati wa masika hupanda mito kutaga mayai kwenye changarawe safi. Wakulima walikuwa wamelima hadi ukingoni, tope likaifunika changarawe. Mradi ukawataka waache hatua kumi bila kulima na wapande matete. Mimi niliishusha sahani majini; ikitoweka machoni mapema, maji ni machafu. Kisha nilitega mgono, kikapu cha kunasa samaki, nikahesabu. Ningu wasiporudi kwa masika matatu, wakulima wangerudishiwa ukanda wao.

Aliyeumia zaidi ni Mama Kerubo, mjane. Shamba lake lilikuwa jembamba, na hatua kumi hizo ndizo zilizokuwa na migomba. Mgono ulipotoka mtupu masika mawili mfululizo, nilimshuku yeye kuwa anatoa samaki usiku. Nani mwingine angefaidika? Nikamfuata hadi jikoni.

"Tafuta," aliniambia, akinifunulia chungu mwenyewe. "Ukipata hata mwiba mmoja, nipeleke kwa chifu. Lakini kama hakuna samaki, andika hakuna. Hiyo ndizi ndiyo ilikuwa inalisha watoto."

Nilitoka bila kuomba radhi. Nilimwona mjanja tu.

Masika ya tatu, asubuhi ya kuja wageni kutoka Nairobi, nilikuta ningu kumi na wawili. Nilipiga kelele kwa furaha. Halafu nikamgeuza mmoja: nyuma ya mashavu magamba yalikuwa yamebanduka, na uzi wa nyavu umeacha alama. Wa pili vilevile. Wote. Kwenye kijito kile hakuna aliyevua kwa nyavu. Barabarani lilisimama gari la mradi, na nyuma yake pipa lililolowa linalonuka samaki.

"Umehesabu?" Msimamizi aliuliza.

"Wana alama za nyavu, bwana."

"Nimeuliza hesabu, si alama. Kule Ekerenyo wanataka msaidizi mkuu. Au unapenda kurudi kulima?"

Niliandika kumi na wawili. Wageni wakapiga makofi.

Nilipandishwa cheo nikaenda Ekerenyo, kisha Kenyenya. Tangu hapo mgono uliojaa niliushuku kuliko mtupu, na mkubwa aliyenisifu nilimshuku zaidi. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilipitia Nyamache. Mama Kerubo alikuwa ameinama ukingoni, akitoa takataka kwenye matete.

"Siku ile uliandika wamekuja, niliacha kulalamika," alisema. "Nikasema, kumbe ndizi yangu haikuenda bure. Mwaka huu wamepanda wangapi?"

"Wengi, mama."

"Mungu asifiwe."

Naona aibu hadi leo. Nimestaafu, na vijana huja kuniuliza ni nani wa kutomwamini huko mtoni. Huwajibu: anayeandika hesabu. Hucheka, wakidhani nawatania.