Nilienda Mkunya kuimba harusini, nikaishia kutibu mikorosho jukwaani

Wakuu, za mchana. Hili limenikuta mimi mwenyewe, na nusu ya Mkunya ni mashahidi wangu.

Mimi ni dada wa Newala, bibi shamba. Ndiyo, yule anayepita mashambani kuwakumbusha watu kupulizia mikorosho dawa ya salfa.

Kazi hii sikuichagua. Nilitaka kuimba. Baba akasema, "Rehema, sauti haina pensheni. Soma kilimo."

Nikasoma, nikaajiriwa. Wikiendi naimba Masasi kwenye harusi. Baba alijua, ila hakuwahi kuja kunisikiliza. Ukimgusia muziki anauliza habari za mvua.

Sasa, kiongozi mmoja wa bendi akanifuata. Wanahamia Dar, wanataka mwimbaji wa kudumu. "Nitakusikiliza kwenye harusi ya Mkunya. Ukinikosha, acha kazi twende."

Wakuu, nilikuwa nimeichoka pikipiki na vumbi. Moyoni nilishahama.

Siku ikafika. Mkunya napita kikazi, sikutaka wanitambue: gauni linameremeta, wigi, miwani ya jua. Najiona si Rehema tena.

Wimbo wa kwanza ukakubali, vigelegele kila kona. Mara nikamwona Baba upande wa bwana harusi. Kumbe naye kaalikwa! Nikaisukuma miwani juu ya pua, nikaendelea kuimba.

Hapo mzee mmoja akainuka, anakuja kunitunza huku anacheza taratibu. Watu wanamshangilia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu.

Akatoa kitawi cha mkorosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako naijua, hiyo miwani unajisumbua tu. Maua yangu yameota unga mweupe. Ni nini hiki?"

Maiki iko hewani. Nikajibu bila kufikiri, "Ubwiriunga huo, mzee. Umechelewa kupulizia."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Foleni ikaanza. Mama mmoja kaja na mdudu kwenye kikopo. Mpaka leo najiuliza, mtu anatokaje nyumbani kwenda harusini na mdudu?

Bendi inapiga, kiongozi kanitolea macho. Nikaona isiwe tabu, nikawa najibu kwa kuimba. "Pulizia asubuhiii, upepo umetuliaaa..." Kina mama wakadaka kiitikio. Bibi harusi naye kiuno hakikai.

Dada yake akafoka, "Jamani, hii harusi au semina?"

Mwisho wa foleni akasimama Baba.

Akaomba maiki. "Na shamba letu la Chilangala utalikagua lini? Watu wote unawahudumia, mimi baba yako nangoja kama mgeni!"

Watu hoi kwa kicheko. Kisha akanitunza, akaninong'oneza, na maiki ikamsaliti: "Mwanangu, kumbe unaimba hivi."

Nikalia, wanja ukashuka mpaka kidevuni.

Shughuli ilipokwisha kiongozi akaniita. "Nafasi ni yako. Ila Dar hakuna atakayekuletea mdudu."

Alitania, lakini ilinichoma. Nilipomjibu yule mzee nilisikia raha ileile ya kushika wimbo. Sikujua kama naipenda kazi mpaka nilipotaka kuikimbia. Nikamshukuru, nikabaki.

Siwadanganyi, nikisikia bendi yao redioni roho inaniuma. Siku nyingine inauma sana.

Ila Jumamosi naimba na vijana wa hapahapa. Baba anakaa mbele kabisa, na ndiye wa kwanza kulalamika tukifunga mapema.

Nilichojifunza: sisemi kila mtu ang'ang'anie ajira. Nasema usiamue kuacha kazi siku umeichoka. Iangalie kwanza siku inapokupendeza, ndipo uamue.

Mlioacha ajira mkafuata kipaji, njooni mnipinge. Na mliokizika kipaji ofisini, semeni nanyi, kinawaamshaga usiku au kimeshanyamaza?