Mguu Nilioutafutia Mwiba

Jumanne ya wiki ya pili ya Agosti, mwaka jana, nilimpoteza mbwa wangu, hapa nyumbani Mumbuni. Alikuwa na miaka minane. Naandika alivyokufa kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Alianza kuchechemea mwezi wa Juni. Hapa kwetu mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa jioni, kwa hivyo nilimwona akitembea kidogo tu, kutoka kibandani hadi langoni. Kila alipokanyaga mguu wa mbele wa kulia, kichwa kilishuka. Nikajua ni huo, na ni mwiba. Nikachokoa kwa sindano ya kushonea, nikaosha kwa maji ya chumvi. Hakulia. Nikamsifu kwa uvumilivu. Kesho yake nikachokoa tena.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Mama, huyo anakucheza. Amechoka kulinda, anataka pensheni."

Nilicheka naye.

Wiki ya sita alikataa kula. Nikamwita daktari wa mifugo, ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe. Akaniambia nimtembeze kwenye simiti, niende nirudi, mnyororo ukiwa umelegea.

"Mguu mbovu ni upi?"

"Wa kulia, daktari."

"Hapana, mama. Kichwa kinashuka akikanyaga mguu mzima, maana uzito anautupa huko. Akikanyaga ule unaouma, anakiinua."

Akapiga magoti, akaanza vidoleni mwa mguu wa kushoto, akipanda polepole, akikunja kila kiungo. Juu kidogo ya kifundo mbwa alilia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akaushika mkono wa daktari kwa meno bila kuuma. Nami nikagusa. Mfupa ulikuwa umevimba, una moto.

Picha za eksirei tulipigia Nairobi. Saratani ilikuwa imeula mfupa, na imeshafika mapafuni.

"Na ningekuita Juni?"

"Pengine tungeukata mguu. Pengine isingesaidia. Sijui, mama."

Nilimwomba dawa yoyote, hata ya ng'ombe. Akampa za maumivu. Zilimtuliza siku nne, kisha hazikumtuliza tena.

Jumanne hiyo daktari alikuja na sindano ya kumpumzisha milele. Nilikaa chini, nikakilaza kichwa cha mbwa mapajani. Nilimwomba msamaha kwa Kikamba, lugha aliyoizoea. Daktari akamdunga, kisha akasikiliza moyo, akasikiliza tena.

"Pole, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba.

Nikamvua mbwa mkanda wa shingoni, nikaenda kumletea daktari maji ya kunawa.