Kazi ya Mwisho ya Pua

Marehemu mume wangu alikuwa fundi bomba, na mafundi wenzake walimwita Pua. Alikuwa akisimama mlangoni pa watu, hata karibu hajaambiwa, ameshajua sinki lipi lina kasoro. Kwa jina hilo nilitembea kifua mbele, sifichi.

Uzeeni mwetu binti yetu alijenga, jiko likaangukia mbali na shimo la maji machafu. Baba yake akakataa katakata fundi mwingine kugusa. Akachimba mwenyewe, akalaza bomba refu toka sinki hadi shimoni. Bomba refu hivyo hutaka bomba jingine la kupumulia, lipande hadi juu ya paa. Wenzake waliolisahau aliwafokea miaka yote. Bila hewa, maji yakishuka kwa wingi huyafyonza hata yale kidogo yanayobaki kwenye kona chini ya sinki, na hayo ndiyo yanayozuia uvundo usirudi ndani. Lakini mkwe wetu hakutaka paa lake jipya litobolewe, na mzee akamwonea haya.

"Tuache kwanza," akasema. "Likileta shida nitanusa."

Tulipoalikwa kwao kula, uvundo ulinipokea mlangoni. Binti akainamisha macho. Mzee akaketi, akaanza kumtania binti yake.

"Mama, leo mnatulaza njaa? Mbona hata harufu ya chakula sisikii?"

Chakula kilikuwa mbele yake, kimefunikwa, mvuke unatoka pembeni. Hakuna aliyecheka. Binti akakimbilia chumbani.

Nikamshika mkono hadi jikoni, maana nani mwingine angemwambia? "Baba watoto, kona yako imekauka. Nyumba inanuka."

Akadhani namtania. Akajaza sinki, akachomoa kizibo. Maji yakaenda kwa kasi, mwishoni sinki likakoroma. Sauti hiyo aliijua. Akachovya kijiti kwenye kona, kikatoka kimelowa ncha tu. Akakipeleka puani, akarudia.

"Hata hiki kinanuka?"

"Kinanuka, mume wangu."

Akakaa sakafuni palepale, na suruali yake ya kutokea. Baadaye akamwambia mkwe aite fundi mwingine, na paa litobolewe.

Fundi alipomaliza, mzee akamwaga maji tena. Safari hii sinki likanyamaza. Hakutosheka.

"Sogea," akaniambia, "uninusie."

Nikainama. Uvundo ulikuwa umekwisha, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi yule fundi mfuko wake wa spana, akatoka nje kunisubiri.