Siku Jamaldin Alipowatia Bei Ng'ombe wa Dadake

Mtaani Kuze, Mwanakuu alijulikana kwa maziwa. Ukitaka ya chai ya asubuhi, ukitaka maziwa lala ya kulia wali, au una mtoto umemwachisha ziwa na hana la kumtuliza, utaambiwa nenda kwa Mwanakuu. Hakuwa na duka. Aliuzia barazani kwake, mkebe mkubwa mbele yake na kikombe cha kupimia mkononi, na ukija umechelewa alikwambia bila kukuomba radhi kwamba yamekwisha, uje kesho na mapema.

Ng'ombe wenyewe walikuwa Tononoka. Marehemu babake, Zakariya, aliwajengea zizi la mbao na mabati nyuma ya nyumba za huko, na alipofariki wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha hamia Uarabuni, hakuna aliyetaka kunuka mavi ya ng'ombe. Mwanakuu alitaka. Alikuwa ameachika, hana mtoto, na mamake mzee, Bi Swabaha, alikuwa mikononi mwake. Akamchukua Dzoro, Mduruma wa makamo mwenye mkono mwepesi wa kukama, na wawili hao wakaliendesha zizi lile miaka mingi bila kugombana ila kwa mambo madogo. Mikokoteni ikitoka Marikiti na majani ya kabeji na maganda ya ndizi, ilipitia kwake kwanza kabla ya kwenda kumwaga taka.

Mtu wa tatu wa zizi lile alikuwa Jamaldin.

Jamaldin hakuzaliwa na Bi Swabaha, ila alinyonya ziwa lake. Mamake alikufa siku ya kumzaa, na Bi Swabaha, ambaye nyumba yake ilipakana na ile na Mwanakuu alikuwa bado mchanga kifuani, alimchukua yule yatima akamweka upande wa pili. Basi kwa dini na kwa desturi wakawa ndugu. Walikua pamoja, wakachapwa pamoja chuoni, na Jamaldin alipooa ni Mwanakuu aliyesimamia jikoni. Kazi yake ilikuwa udalali wa ng'ombe. Alikwenda minadani bara, akajua nani anauza kwa shida na nani anauza kwa hila. Hakuna ng'ombe aliyeingia zizini mwa Mwanakuu ambaye Jamaldin hakumfungua kinywa kwanza akamtazama meno. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula kwa Bi Swabaha, na kikombe chake kilikuwa na mahali pake kabatini.

Katika ng'ombe wale alikuwapo mmoja aitwaye Kisura, mwekundu, mwenye kiwele kikubwa na macho ya upole. Huyo peke yake aliwapa maziwa kuliko wenziwe wawili. Lakini Kisura alikuwa na ila iliyojulikana na watu watatu tu. Alikuwa ametoa mimba, kisha akatoa tena, na tangu hapo kila akipandishwa hashiki. Maziwa yaliendelea kutoka, lakini yalikuwa yakipungua kidogo kidogo. Dzoro alijua kwa kuwa ndiye aliyeziokota zile mimba akazizika. Jamaldin alijua kwa kuwa Mwanakuu alimwambia, siku moja ya Ijumaa, akitaka shauri.

"Usimwambie mtu," Jamaldin alimjibu. "Ukitaka kumuuza siku moja, ntakutafutia mnunuzi. Haya ni yangu na yako."

Mwanakuu akatua moyo.

Kisha ukaja ugonjwa. Waganga wa mifugo wa serikali walipita wakiwadunga ng'ombe wa kisiwani sindano za kupima, na katika mazizi kadhaa wakakuta kifua kikuu cha ng'ombe, kile ambacho mtu hukipata kwa kunywa maziwa. Amri ikatoka: zizi lililokutwa nao, ng'ombe wote wachinjwe wazikwe. Serikali itawalipa wenyewe kwa bei ya haki ya soko. Zizi la Mwanakuu lilikuwamo.

Wenye ng'ombe waliitwa mkutanoni uwanja wa Tononoka. Aliyesimama mbele yao alikuwa mganga wa mifugo, Daktari Wendy, mwanamke kijana wa bara aliyesema Kiswahili cha polepole na hakupenda mzaha.

"Bei ya haki ni ile ambayo mnunuzi mwenye akili zake angeitoa mnadani kama ugonjwa huu haukuwako," aliwaeleza. "Ng'ombe wa maziwa ana bei ya maziwa. Mwenye mimba anaongezewa. Asiyezaa tena anahesabiwa kwa nyama. Mimi nitatazama, lakini nataka na mtu wenu, anayejua soko, tutie bei pamoja. Na asiwe na ng'ombe wake katika hawa."

Mwanakuu ndiye aliyeinuka. "Jamaldin," alisema. "Hakuna asiyemjua."

Watu wakaitikia. Daktari akamtazama Jamaldin. "Una ng'ombe wako humu?"

"Sina hata kwato," akasema Jamaldin, na watu wakacheka.

Walipofika zizini kwa Mwanakuu ilikuwa asubuhi ya tatu au ya nne ya kazi hiyo. Mwanakuu alikuwa amewaogesha ng'ombe wake. Alijua watakufa, lakini alitaka watazamwe wakiwa safi. Daktari alikwenda kwa mmoja mmoja, akipapasa viwele, akiuliza umri na maziwa, na Jamaldin akitaja bei. Daktari aliikata kidogo, Jamaldin akaipandisha kidogo, wakakubaliana. Mambo yalikwenda vyema. Walipofika kwa Kisura, Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huyu ni mzuri kweli," alisema. "Huyu tutampa bei ya juu."

"Ngoja, Daktari," akasema Jamaldin.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa Kisura, mkono juu ya mgongo wake, hamtazami mtu. "Huyu hazai. Ametoa mimba mara mbili, na sasa akipandishwa hashiki. Nakwambia kwa kuwa ni amana. Huyu ni wa bucha."

Dzoro aliyekuwa ameshika kamba aliiachia ikaanguka. Mwanakuu alidhani amesikia vibaya. Alimtazama ndugu yake akingoja acheke, aseme kitu kitakachoyageuza yale maneno. Jamaldin aliendelea kumpapasa ng'ombe.

"Mama," Daktari akamgeukia, "ni kweli?"

Angeweza kukataa. Baadaye alisema kwamba ulimi ulikwisha kuinuka. Lakini yaliyosemwa yalikuwa kweli, na yeye hakuwahi kumwapia mtu uongo katika maziwa wala katika ng'ombe.

"Ni kweli," akasema.

Daktari akarudi kwa wale ng'ombe aliokwisha watia bei. Alieleza, bila ukali, kwamba ng'ombe mmoja akitoa mimba hivyo huenda kuna maradhi mengine yaliyowaingia na wenziwe, na kwamba mnunuzi anayejua hayo hawezi kutoa bei kamili. Zizi zima likashushwa. Alipomaliza, akampa Jamaldin mkono. "Ahsante kwa uaminifu wako. Najua ni dada yako."

"Kweli ni kweli, Daktari," akajibu Jamaldin.

Lori lilikuja wiki ile ile. Dzoro aliwapandisha mmoja mmoja, na Kisura, aliyemzoea, alimfuata bila kuvutwa. Mwanakuu hakulifuata lori kwenda kuyaona yaliyobaki. Alirudi Kuze na mkebe mtupu, na watu waliokuja kuuliza maziwa wakamkuta ameketi barazani kana kwamba amefiwa.

Kwa siku kadhaa alimtafutia Jamaldin udhuru. Alijiambia kwamba mtu aliyepewa amana hana budi kusema kweli hata juu ya nduguye, na kwamba yeye ndiye mwenye kosa kwa kutaka afichiwe. Alikuwa karibu kuamini hivyo. Ijumaa ilipofika alipika kama desturi akaweka sinia, na Jamaldin hakuja. Aliyekuja ni mkewe, Ruweida, alasiri, macho mekundu, na hakukaa.

"Wifi, usinitaje," alisema mlangoni. "Ng'ombe wa Muhdhar wa Makupa, nusu ni wa mume wangu. Wana shirika tangu mwaka jana. Nao wametiwa bei kubwa kuliko zizi lolote. Waliokauka maziwa wamesemwa wana mimba. Daktari amekubali yote, anasema mtu aliyesema kweli juu ya dadake hawezi kumdanganya juu ya mtu baki."

Mwanakuu alimshika mkono. "Utakuja kulisema hilo mbele ya Daktari?"

Ruweida akautoa mkono wake taratibu. "Nina watoto naye," akasema, akajifunika buibui vizuri akaenda zake.

Jamaldin alasiri zake alizoea kuzipitisha benchini karibu na Ngome ya Yesu, penye muuza kahawa, pamoja na watembezaji wa watalii waliomaliza kazi. Si mahali pa wanawake kwenda kumwita mwanamume. Mwanakuu alikwenda. Wale wanaume walipomwona wakanyamaza, na Jamaldin akainuka haraka akamvuta kando, penye kivuli cha ukuta.

"Dada, ungetuma mtu niitwe."

"Wewe na Muhdhar mna shirika?"

"Nani kakwambia?"

"Sikukuuliza nani kaniambia."

Jamaldin akashusha pumzi. Hakukana, na hilo Mwanakuu alilikumbuka daima. "Nisikilize. Yule daktari alikuwa haniamini. Kila bei niliyotaja aliikata, akaniona ni mtu wa wenye ng'ombe tu. Ilibidi anione nikisema kweli mahali panapouma."

"Panapomuuma nani?"

Jamaldin akatupa jicho benchini.

"Mbona hukusema juu ya ng'ombe wa mtu mwengine?" Mwanakuu akauliza. "Huna siri za watu, wewe dalali?"

"Mtu mwengine angeninyamazia?" Jamaldin alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Wewe ni dadangu. Nilijua utakasirika, kisha yatakwisha."

Mwanakuu alitaka kulia akaona haya kulia pale. "Ungeniomba," alisema.

"Ungekubali?"

Hakujua. Mpaka leo hajui. Alijua tu kwamba hakuulizwa, kwamba katika watu wote wenye ng'ombe kisiwani, ndugu yake alipima nani anaweza kuumizwa bila kuleta taabu, akamchagua yeye. Aligeuka akaondoka, na nyuma yake akasikia Jamaldin akimwita, si kwa sauti kubwa, ili wale wa benchini wasisikie.

Kesho yake alikwenda kwa Daktari Wendy. Daktari alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha, mbele yake, akampigia Muhdhar simu, na Muhdhar akaapa hana shirika na mtu. Jamaldin naye akaapa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha zikwa, hawawezi tena kupimwa mimba wala maziwa.

"Una mtu wa kushuhudia?" Daktari akauliza.

Mwanakuu akamfikiria Ruweida na watoto wake. "Sina."

Daktari alisugua paji la uso. "Mama, nifanye nini? Yule mtu alisema jambo moja zizini kwako, na wewe mwenyewe ulisema ni kweli. Nitaanzia wapi kumwita mwongo?"

Mwanakuu hakumkasirikia. Aliaga akatoka, na njia nzima kurudi Kuze alikuwa akijiuliza swali lile lile la Daktari.

Aliyebaki kuambiwa ni Bi Swabaha. Ijumaa mbili tatu Mwanakuu alimdanganya kwamba Jamaldin yuko safarini bara, lakini mamake, ingawa macho yamefifia, aliwasikia watoto wakisema wamemwona msikitini. Mwishowe akamweleza yote. Vidole vya Bi Swabaha vilizungusha tasbihi bila kuhesabu.

"Nilimchukua ana siku moja," alisema. "Watu waliniambia, utamnyima mwanao. Nikasema, Mungu atatia baraka." Akaiweka tasbihi mapajani. "Sikumnyonyesha nilipwe. Lakini usimlete nikaambiwa ni mwanangu amekuja."

Baada ya hapo Mwanakuu alikitoa kile kikombe kabatini akampa mwombaji aliyepita mlangoni.

Fidia ilitoka miezi baadaye. Haikutosha kulijaza zizi tena. Muhdhar alijenga la mawe, na Jamaldin akaonekana na pikipiki mpya. Watu wa Kuze walizungumza kwa muda, wengine wakamsema vibaya, wengine wakasema ndivyo biashara ilivyo, na wengi waliendelea kumtuma awanunulie ng'ombe wa sadaka. Hilo lilimuuma Mwanakuu kuliko alivyotarajia. Alidhani mtaa utagawanyika kwa ajili yake, wala haukugawanyika.

Msimu wa mvua alipanda gari na Dzoro wakaenda mnadani Mariakani. Hakuwahi kwenda. Matope yalimfika kwenye vifundo, na ng'ombe walikuwa wengi hata hakujua pa kuanzia. Alikuwa amesimama mbele ya mbuguma mmoja mweusi aliposikia sauti nyuma yake.

"Assalaam aleikum, dada."

Jamaldin alikuwa na fimbo yake ya mnadani, kofia imeloa. Alimtazama yule ng'ombe, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukaonyesha kitu kama aibu, au kama tamaa ya kusamehewa.

"Huyo niachie nimfungue kinywa," alisema. "Sitaki kitu. Bure."

"Waaleikum salaam," akajibu Mwanakuu, kwa kuwa salamu haikataliwi. Kisha akamgeukia mwenye ng'ombe, mzee aliyejifunika gunia kichwani. "Baba, wasemaje bei?"

Jamaldin alisimama kidogo, akaenda zake.

Mweusi yule walimnunua. Alipofika Tononoka ikajulikana kwamba anapiga mateke, na Dzoro alipigwa la goti akachechemea wiki nzima. Maziwa yake si mengi. Mwanakuu huyauza barazani kwake asubuhi, na ukija umechelewa hukwambia yamekwisha. Bi Swabaha humwuliza, kila anaposikia Dzoro akilaani, ni nani aliyemchagulia ng'ombe mwenye tabia mbaya kama yule.

"Mwenyewe," Mwanakuu humjibu.