Baba Ameganda Malaba

Juzi kwenye simu niliona kijiji kimoja huko kaskazini kabisa mwa dunia. Mama mwenye duka alikuwa mlangoni akingojea unga. Meli iliyokuwa ikiuleta ilikuwa imeshikwa na barafu, na hapo aliposimama aliiona vizuri tu.

Nikiwa mdogo, kuganda ilikuwa kazi ya friji yetu. Mama aliuza barafu za karatasi, zile nyekundu za kufyonza, na zilizokataa kubanduka alizimwagia maji moto. Kwa hivyo shangazi alipoingia na kusema, "Mama Nafula, bwana yako ameganda hapo kwa foleni ya mpaka, malori hayasongi," nilimwona baba mweupe, mgumu, kope zimeshikana. Nilinyakua chupa ya chai nikakimbia.

Barabara ilinuka dizeli na mikojo. Baba alikuwa ndani ya lori lake, shati limelowa jasho. Nilipanda nikampapasa shavu.

"Baba, umeyeyuka?"

Alicheka hadi akakohoa. Akanywa chai yote.

"Sasa twende nyumbani," nikamwambia.

"Nikishuka wataiba mzigo, mama. Wewe nenda."

Nilirudi nikilia, nikijua baba hatutaki tena.

Ilibidi niione ile meli ndipo nikumbuke kilichoonekana kutoka kwenye kiti cha baba lorini, juu ya mapaa ya vibanda: bati la nyumba yetu, na mama kwenye kamba, akianua mashati ya baba.